Muhula wa Choya na Kompyuta za Fauzia

Jumatatu, 10 Januari 2005

Muhula umeanza kwa barua. Mkuu wa shule, Mwalimu Faustino, alitusomea ofisini hata kabla hatujagawana chaki. Mwezi wa Juni wakaguzi watapita kwenye shule zote za sekondari zisizo na maabara. Shule itakayoonekana haifundishi sayansi kwa vitendo, Kidato chake cha Tatu kitaondolewa Fizikia na Kemia na kuhamishiwa masomo ya sanaa.

Sisi hapa Nanjelo tunacho chumba kinachoitwa maabara. Kina meza nne ndefu za saruji, sinki lisilo na bomba, na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana. Mimi nafundisha Kemia na Biolojia. Fizikia ni ya Mwalimu Hussen, ambaye alianza kufundisha mimi sijazaliwa, au karibu na hapo. Tulipotoka ofisini nilimuuliza atafanyaje.

"Nitaandika ubaoni, watanakili," alisema. "Kama siku zote."

Akafungua mwavuli wake akaenda zake. Daftari hili ni langu peke yangu, kwa hiyo niseme ukweli: tangu nihamie hapa mwaka juzi nimemwona mvivu, na leo nimemwona mvivu zaidi.

Jumanne, 11 Januari

Mvua. Kidato cha Tatu wana wanafunzi ishirini na wawili wa sayansi. Wamefika wanane.

Jumatano, 19 Januari

Kidawa Yahya alinisubiri mlangoni baada ya kipindi. Ni msichana mrefu, mkimya, anayeandika maswali pembeni mwa daftari na kuyafuta kabla hujayasoma.

"Madam, ni kweli tutanyang'anywa Kemia?"

Nilimwambia bado haijaamuliwa.

"Mimi nimeshamwambia baba nitakuwa mganga wa zahanati," alisema. "Na yeye ameshawaambia watu wote msikitini. Akisikia nimehamishiwa sanaa atasema shule imeisha, nirudi nyumbani nikasubiri mume."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenitajia tarehe. Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa.

Kwenye semina ya Mtwara mwezi uliopita, mwezeshaji alituandikia ubaoni anwani ya tovuti ya walimu wa sayansi. Alisema kila kilichomo humo ni bure, walimu wa nchi mbalimbali wanaandika masomo yao na mtu yeyote anaruhusiwa kuyachukua. Niliinakili nyuma ya bahasha. Wakati ule nilikuwa nawaza chakula cha mchana tu.

Ijumaa, 21 Januari

Idd. Akina Kidawa wameniletea sinia la pilau. Bahasha nimeipata ndani ya Biblia.

Jumamosi, 22 Januari

Nimetoka Kitomanga, tunakopandia basi, kwa gari la alfajiri, saa tatu nilikuwa Lindi mjini. Niliulizia intaneti kituoni, nikaelekezwa kwa fundi cherehani. Nilidhani wananitania. Kumbe ni kweli: chumba kimoja, upande huu cherehani mbili na magauni yanayoning'inia, upande ule kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya maua. Mwenyewe anaitwa Fauzia, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Unatafuta mchumba au matokeo ya mpira?" aliniuliza.

Nilimwambia natafuta masomo ya Kemia.

Alinitazama kwanza. Kisha akavuta kiti chake akakaa karibu yangu, akaacha gauni la watu kwenye cherehani. "Wewe ni wa kwanza," alisema. "Haya, shika kipanya. Usikikabe, si mjusi."

Ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka, maneno yakitangulia na picha zikija mstari kwa mstari kutoka juu kama pazia linaloshushwa. Lakini ulipofunguka, nilisogeza kiti mbele. Majaribio ya Kemia bila maabara. Majaribio ya Biolojia kwa chupa za maji. Umeme kwa betri zilizokwisha. Mamia ya masomo, na kila moja chini limeandikwa jina la mwalimu na mji wake, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala kwa nini nayataka.

Printa ya Fauzia haina wino, kwa hiyo nilinakili kwa mkono. Nimejaza kurasa kumi na moja. Fauzia alikuwa anashona huku ananisomea kwenye skrini pale macho yangu yalipochoka. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha walimu watatu ninaowajua. Nilimuuliza alisoma wapi.

"Nilifika Kidato cha Pili," alisema. "Kingine nimekipata humu humu kwenye kompyuta, nikisubiri wateja."

Jumatano, 26 Januari

Nimeaibika kidogo. Somo nililolipenda kuliko yote ni la kutambua asidi na besi bila kemikali za dukani. Nimelitayarisha siku tatu, na leo asubuhi ndipo nilipotulia nikasoma vizuri mahitaji: kabichi ya zambarau. Sijawahi kuiona kabichi ya zambarau. Nimeuliza magenge yote ya Kitomanga. Muuza genge mmoja aliniuliza inatibu nini.

Nilikuwa nalalamika ofisini, zaidi peke yangu. Mwalimu Hussen alikuwa anasahihisha kwenye kona yake. Bila kuinua kichwa alisema neno moja.

"Choya."

"Unasemaje, Mwalimu?"

"Tumia choya. Ile kavu, maua mekundu ya kutengenezea juisi. Usiiweke sukari."

Akaendelea kusahihisha.

Alhamisi, 27 Januari

Nataka nikumbuke kila kitu cha leo.

Magunia ya mahindi tuliyasogeza ukutani. Niliweka chupa ya maji ya choya mezani, mekundu kama kanga mpya. Kila kundi lilikuwa na vikombe vinne vya plastiki, malimau, na maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa. Niliwaambia waandike kwanza wanachodhani kitatokea. Wengi waliandika "hakuna."

Kidawa alimwaga maji ya majivu. Wekundu ukaingia zambarau, zambarau ikageuka kijani, mbele ya macho yetu. Kisha akakamua limau ndani ya kile kijani, tone, tone, tone, na wekundu ukarudi.

Waliamka wote. Walijaribu sabuni, magadi, ukwaju, maji ya kisima, dawa ya meno ya mtu. Kengele ililia na hakuna aliyetoka. Mwalimu wa Kiswahili alisimama mlangoni akisubiri kipindi chake, mwishowe akaingia na yeye akaomba kikombe.

Mwalimu Hussen alipita dirishani mara mbili. Mara ya pili alisimama.

Ijumaa, 28 Januari

Nilimfuata Mwalimu Hussen kumshukuru. Nilimuuliza alijuaje habari ya choya.

"Niliwahi kufanya," alisema. "Zamani."

"Na ukaacha?"

"Niliacha."

Akaniuliza kama mvua inaonyesha dalili za kupungua Mtama, nyumbani kwetu. Nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Jumamosi, 5 Februari

Lindi. Mtandao haukuwepo siku nzima. Nimemsaidia Fauzia kushona mapindo ya magauni matatu ya harusi.

Jumamosi, 12 Februari

Lindi. Kurasa kumi na nne.

Jumatatu, 14 Februari

Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango, akapanga kalamu zake mstari mmoja. Ni mtu mpole na jambo linalomkera huwa analizunguka kwanza.

"Mwalimu Dativa, kuna maneno."

Maneno yenyewe ni kwamba mwalimu wa kike asiye na mume anakwenda Lindi kila Jumamosi kutafuta mzungu kwenye kompyuta. Mengine ni kwamba huko kwenye kompyuta kuna picha chafu, na mimi nitazileta shuleni. Wazazi wawili wamefika kwake. Ameniomba nisimamishe safari zangu "mpaka hali itulie."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nilimwambia, "Mkuu, Jumamosi twende wote. Uone ninachokitazama. Ukiona kibaya, sitakwenda tena."

Alipanga kalamu upya. "Nitavaa tai?" aliuliza.

Jumamosi, 19 Februari

Alivaa tai.

Fauzia alimkaribisha kwa shikamoo na kiti kizuri. Nilimfungulia Mkuu ukurasa wa walimu, nikamwonyesha masomo ninayoyanakili. Alisoma kimya kama robo saa, mikono magotini, kama mtu aliye kwa daktari. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama humo kuna Jiografia. Yeye ni mwalimu wa Jiografia, ingawa tangu awe mkuu hafundishi sana.

Fauzia akampatia ramani. Ramani za mvua, za udongo, za bahari chini kabisa. Mkuu akaomba aandike mwenyewe. Alitafuta kila herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja, akiitaja jina kabla ya kuibonyeza. Aliandika "Rondo." Ilipokuja picha ya msitu wa Rondo, alikozaliwa, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Tulimtoa pale saa kumi jioni kwa sababu basi la mwisho lilikuwa linaondoka. Njiani aliniambia, "Mwalimu, hao wazazi wawili niachie mimi."

Jumatatu, 21 Februari

Mkuu ametangaza kwenye paredi kwamba mtandao ni maktaba. Ameeleza kwa dakika ishirini na tano. Mvua ndiyo iliyotuokoa.

Jumatatu, 28 Februari

Nilikuwa nimeacha moja ya daftari zangu za kunakili mezani ofisini, ile ya Fizikia, makusudi. Leo nimeikuta imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kwenye somo la saketi ya umeme, panapotakiwa karatasi ya alumini ya jikoni, pameandikwa: "Hapa hakuna. Tumia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara." Kwenye somo la lenzi: "Balbu iliyoungua, toa vitu vya ndani, jaza maji. Inakuza vizuri kuliko hii." Kurasa sita za wekundu.

Nilimpelekea daftari mezani kwake. "Mwalimu, haya umeyatoa wapi?"

Alifungua droo ya chini, ile ambayo siku zote nilidhani ana chakula ndani. Akatoa kauntabuku tatu zilizofungwa kwa mpira. Ya kwanza inaanzia mwaka sabini na nane. Kila ukurasa una mchoro wa penseli, mahitaji, hatua, na mwisho sentensi moja: "Wameelewa," au "Hawakuelewa, nirudie kwa njia nyingine." Mizani ya rula na vizibo vya soda. Kipimajoto cha mrija wa kalamu. Miaka minane ya kazi ya mikono, halafu kurasa tupu.

Nilikaa nikasoma mpaka wanafunzi wakaja kunitafuta. Mtu niliyemwita mvivu humu humu ndani ya daftari hili. Sitakifuta kile nilichoandika tarehe kumi Januari. Kibaki kinitazame.

"Kwenye hiyo tovuti," aliniuliza mwishoni, "wanapokea masahihisho?"

Jumamosi, 12 Machi

Mwalimu Hussen amekuja Lindi. Njia nzima alilalamika kwamba mtu wa miaka hamsini na saba hafundishwi mashine. Alipofika kwa Fauzia alikataa kukaa mbele ya kompyuta. Alisimama nyuma yetu, kauntabuku kifuani, akasema somo kwa Kiswahili. Mimi nikaligeuza Kiingereza, Fauzia akaandika. Vidole vyake vinakwenda kama cherehani yenyewe.

Tulikwama kwenye neno la kwanza. Choya kwa Kiingereza ni nini? Hakuna aliyejua. Mwalimu Hussen alieleza jani lake, ua lake, linavyochumwa. Fauzia akatafuta kwa maelezo hayo, tukangoja, na picha ikaanza kushuka: kikonyo, majani, kisha kile kikombe chekundu chenyewe. Mwalimu Hussen alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Shamba la nani?"

Tumetuma masomo mawili, la choya na la lenzi ya balbu. Chini Fauzia aliuliza aandike jina gani. Mwalimu Hussen alisema hakuna haja ya jina. Fauzia akaandika hivyo hivyo: Hussen Ahmadi Mpwapwa, mwalimu, Lindi. Kisha akabonyeza kabla hajakatazwa.

Ijumaa, 18 Machi

Mvua. Basi limekwama kabla ya Kitomanga.

Jumanne, 22 Machi

Mvua. Barabara ya Lindi imekatika sehemu mbili.

Jumapili, 27 Machi

Pasaka. Kanisani tulikuwa kumi na wawili na kuku mmoja aliyekimbia maji.

Jumamosi, 2 Aprili

Mvua. Mwalimu Hussen ameniuliza kama barua za kompyuta nazo zinachelewa barabara ikikatika. Nilimweleza hazipiti barabarani. Alisema anajua, alikuwa anauliza tu.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua, siku ya nne mfululizo. Lakini leo Mwalimu Hussen amefundisha saketi ya umeme kwa karatasi za sigara, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Sikualikwa, nilisimama nje ya dirisha chini ya mwavuli wake, ambao alikuwa ameuacha kibarazani. Balbu ndogo ya tochi ilipowaka kwenye meza ya nyuma, msichana mmoja alisema taratibu, "Imekubali." Na meza zote zikaanza kusema hivyo, moja baada ya nyingine. Imekubali. Imekubali. Mwalimu Hussen alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cha ubao na kujifanya hasikii.

Alhamisi, 21 Aprili

Maulidi. Jua limetoka.

Jumamosi, 30 Aprili

Lori la mkaa lilitubeba hadi Lindi, mimi na Mwalimu Hussen. Fauzia alikuwa mlangoni anatusubiri, na uso wake ulikuwa umeshatuambia kabla hatujafika.

Zilikuwa barua tano. Mwalimu wa India alishukuru kwa lenzi ya balbu. Wengine watatu waliuliza maswali. Lakini ya tano Fauzia aliniachia niisome mwenyewe kwa sauti. Imetoka Omdurman, Sudan, kwa mwalimu mwanamke wa Kemia. Anasema kwao choya iko katika kila nyumba, wanakunywa asubuhi na jioni, wanamkaribishia mgeni, na yeye amefundisha miaka kumi na sita akiandikia wizara kuomba kemikali za kupimia asidi ambazo haziji. "Kemikali ilikuwa kwenye birika langu," ameandika. "Jana wanafunzi wangu hamsini na watatu wameiona. Mwambie Mwalimu Hussen Ahmadi tumemtaja kwa jina darasani."

Nilimtafsiria. Aliniomba nirudie sehemu ya jina. Nikarudia.

Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. "Nataka kumjibu," alisema. "Mwanzo nitaandika mwenyewe." Ilimchukua muda mrefu kuliko Mkuu na Rondo yake, lakini hakuruhusu mtu kumsaidia. Aliandika *Assalaam aleikum, Mwalimu.* Hapo akasimama, akasema yaliyobaki niandike mimi.

Jumatatu, 9 Mei

Wiki hii ni vitendo kila siku. Mahindi yamehamishiwa nyumbani kwa Mkuu, ambaye mkewe hajafurahi. Kidato cha Tatu wamepaka meza chokaa. Wote ishirini na wawili wanakuja, hata siku za mvua.

Ijumaa, 20 Mei

Kidawa ameona miguu ya sisimizi kwa lenzi ya balbu. Amesema ina vinyweleo. Ameniangalia kama mimi ndiye niliyeviweka.

Jumanne, 7 Juni

Siku ya wakaguzi.

Saa moja kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Mwalimu Hussen. Saa moja na nusu bado. Mkuu alikuwa anatembea kibarazani na tai imempinda. Wakaguzi walitarajiwa saa tatu. Nikachukua baiskeli ya mlinzi nikaenda kwake.

Nilimkuta amekaa ukumbini na fulana, redio imezimwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwambie Mkuu naumwa."

Niliketi bila kukaribishwa. Nilimwambia wanafunzi wanamsubiri. Akasema:

"Mwaka themanini na sita alikuja mkaguzi. Si hawa, alishastaafu yule. Nilikuwa na chupa yangu ya choya mezani, watoto wamezunguka. Aliiokota ile chupa, akanywa. Akanywa yote. Akasema, 'Tamu, Mwalimu, ila hapa si jikoni.' Darasa zima likacheka. Miaka mitatu wameniita Mpishi. Mpaka watoto wa sokoni walinijua kwa jina hilo."

Nilifikiria maneno mengi mazuri na yote yalikuwa ya bure. Mwisho nilimwambia ukweli wangu.

"Mwalimu, kipindi cha pili ni cha saketi. Mimi Fizikia nilipata D. Usipokuja nitawasha shule moto."

Alicheka kwa pua. Hapo mkewe akatokea chumbani na shati jeupe kwenye mikono, limenyooka kama karatasi. "Limepigwa pasi tangu alfajiri," alimwambia mumewe. "Vaa, mwalimu mwenzako asichelewe."

Alipanda nyuma ya baiskeli. Ni mzito kuliko anavyoonekana.

Wakaguzi walikuwa wawili. Kiongozi wao, Bi Theresia, ni mama wa makamo, hacheki, ana tabia ya kuandika kabla hujamaliza sentensi. Alikaa meza ya Kidawa. Walipofika kwenye choya aliinua chupa, akainusa. Nilimwona Mwalimu Hussen akishika ukingo wa meza.

Bi Theresia aliirudisha chupa mezani. "Na siku ambayo huna choya utafanyaje?" alimuuliza Kidawa.

Swali hilo hatukuliandaa. Kidawa alifikiri. "Nitachuma maua ya hapa shuleni, mama, kila aina. Nitayaloweka na kuyajaribu moja moja. Yatakayobadilika nitayaandika, na yasiyobadilika nitayaandika pia."

"Yasiyobadilika ya nini?"

"Ili mwenzangu asirudie kupoteza muda."

Bi Theresia aliacha kuandika. Alimwomba Kidawa kijimrija chake cha kudondoshea, akadondosha maji ya majivu mwenyewe. Akaongeza tone jingine. Mwenzake alimwambia muda umekwisha, akamwambia asubiri. Baada ya kipindi cha saketi alimuuliza Mwalimu Hussen alijifunza haya chuo gani.

"Hapa hapa," alisema Mwalimu Hussen. "Vifaa vilipoacha kuja."

Waliondoka bila kutuambia lolote.

Jumatano, 8 Juni

Kimya.

Jumatatu, 13 Juni

Kimya. Mkuu amekwenda Lindi "kwa shughuli za shule." Fauzia ameniambia kwa simu kwamba ametazama ramani za volkano saa mbili.

Ijumaa, 17 Juni

Barua imekuja. Mkuu aliifungua mbele yetu wote, akaisoma kimya, akaanza kuisoma kwa sauti, akavua miwani, akanipa mimi. Nanjelo inaendelea na Fizikia na Kemia. Vifaa vya maabara vikija, mgawo utaanzia kwetu. Na ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa mkono, Bi Theresia anaomba nakala za masomo yale kwa ajili ya shule nyingine kumi na moja zisizo na maabara.

Kidato cha Tatu walisikia kabla hatujawaambia, kwa sababu Mkuu alikuwa ameanza kuimba.

Jioni alikuja baba yake Kidawa, mzee Yahya, na kikapu cha mihogo. Hakukaa. Alisema ametumwa na watu wa msikitini kuuliza uganga wa zahanati unasomewa miaka mingapi.

Jumamosi, 18 Juni

Jana tulimwambia Bi Theresia kwa simu kwamba hatuna mashine ya kutoa nakala, lakini masomo yote yako kwenye mtandao, bure, na shule yoyote inaweza kuyachukua. Akatukuta Lindi kwa Fauzia. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akitazama magauni, akitazama kompyuta.

"Niseme tu," alisema. "Mimi sijawahi kuigusa."

Fauzia alikuwa na sindano mdomoni, mimi nilikuwa naandika. Aliyeondoka kitini kumpisha alikuwa Mwalimu Hussen. "Karibu, Bi Theresia," alisema. "Shika kipanya. Taratibu. Ukikosea hakiharibiki kitu." Akabaki amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, akimsubiri atafute herufi, bila kumharakisha hata mara moja.

Ijumaa, 24 Juni

Tumefunga shule. Ufuta umekomaa na watoto wanahitajika mashambani, kwa hiyo wengi waliondoka saa nne. Kidawa na wenzake watatu walibaki. Nilikuwa nakusanya vikombe.

"Madam," alisema Kidawa, "machozi ni asidi au besi?"

Nilimwambia sijui. Nimeona jambo la ajabu: nilivyosema sijui, wote wanne walifurahi. Akaongeza, "Na machozi ya kukata kitunguu na machozi ya kucheka yana rangi moja?"

Mmoja alikimbilia jikoni akaleta vitunguu. Tukakata, tukalia, tukakinga kwa vijiko. Shida ikawa machozi ya kucheka, hakuna anayeweza kucheka kwa kuamriwa. Mwalimu Hussen alikuwa mlangoni na mwavuli wake, ingawa mvua ilikwisha mwezi uliopita. Aliweka mwavuli chini. Akavuta kiti mbele ya sinki, akanyoosha kidole kimoja hewani, akaanza kutafuta herufi kwenye kibodi isiyokuwepo, akizitaja kwa sauti ya Mkuu, "R... R iko wapi hii... ilikuwa hapa jana..." Alikaza uso kama Mkuu. Akanyoosha tai ambayo hakuivaa. Sikujua kabisa kwamba mtu huyu ana uwezo huo. Msichana mmoja alikaa chini sakafuni. Mimi nilishika meza. Nilipogeuka, Mkuu mwenyewe alikuwa dirishani, anacheka kuliko sisi sote, na Kidawa akatoka mbio kumkinga kwa kijiko.

Tulidondosha kijiko cha kitunguu kwenye kikombe kimoja cha choya, na kijiko cha kicheko kwenye kingine. Tukainama wote saba kutazama, hata Mkuu. Hakuna kilichobadilika. Kidawa alifungua daftari akaandika kwa kalamu, bila kufuta:

*Machozi hayakutosha. Turudie.*